Pikapu kubwa, watoto watatu na trela ya wikendi: nichukue F-150, Silverado, Ram au Tundra?

"Salaam fundi. Mimi mtu wa Mombasa lakini niko Houston miaka mingi sasa. Nataka kununua pikapu kubwa, used, bajeti isizidi dola elfu 40. Siku za wiki itapeleka watoto watatu shule na mimi kazini. Wikendi nataka nivute trela ya kubeba gari moja, nanunua za mnada napeleka bandarini kwa wateja wa Congo na Burundi, mara nyingi Camry, RAV4, mara moja moja Highlander. Wakati mwingine familia yote inakuwa ndani. Mke wangu ameipenda Ram ya juu kabisa, viti vya ngozi na sunroof kubwa. Marafiki wamegawanyika, mmoja ananiambia Toyota ni Toyota chukua Tundra ufumbe macho, mwingine anasema turbo ni kansa ya injini chukua V8. Muuzaji kaniambia Silverado inavuta paundi 13,000 kwa hiyo trela yangu ya elfu 6 na kitu ni mchezo tu. Na siku moja nikirudi nyumbani ningependa nirudi nayo. Nichukue ipi?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu limebeba kila kitu ambacho watu wanakosea wakinunua hizi gari, na wewe bado hujakosea manake hujalipa. Naona una wasiwasi wa aina mbili umeuchanganya pamoja, mmoja ni wa kazi, yaani hii gari itaiweza trela na watoto kwa wakati mmoja, na wa pili ni wa ugonjwa, yaani injini gani haitanifilisi. Ntaanza na wa kazi kwa sababu ndio unaochuja gari nyingi, na huyo muuzaji kakuambia kitu cha kweli ambacho hakikusaidii.

Hiyo 13,000 ipo. Silverado 1500 ikifungwa injini inayotakiwa na kifurushi cha juu cha kuvutia trela inafika paundi 13,300, F-150 inafika 13,500, Tundra 12,000, Ram yenye ile injini mpya ya Hurricane ni kama 11,500 hivi. Sasa hizo ni namba za gari moja maalum katika kila familia, ina kabini fulani, ekseli fulani, injini fulani, na mara nyingi sio ile iliyosimama mbele yako imeoshwa inang'aa. Halafu kuna jinsi zinavyopimwa. Kampuni zote kubwa sasa zinafuata kipimo kinaitwa J2807, Toyota ndio walikuwa wa kwanza kukifuata na Tundra ya mwaka 2011, ni kipimo kizuri tu, gari inapandishwa mlima wa Davis Dam kule Arizona kwenye joto kali, AC imefunguliwa mpaka mwisho, na haitakiwi ishuke chini ya maili 40 kwa saa. Lakini ndani ya gari wanahesabu dereva na abiria mmoja, kila mtu paundi 150. Watoto wako watatu hawapo kwenye hiyo hesabu, mkeo akizidi 150 hayupo wote, na toolboksi yako haipo.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni "inabeba ngapi mgongoni", na hili ndilo linaloisha mwanzo, karibu kila mara, kwenye hizi pikapu za daraja lako. Kuvuta na kubeba ni vitu viwili. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya kati pale mlango unapofungia, kuna stika ya njano na nyeupe ya matairi. Juu imeandikwa kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo kadhaa au paundi kadhaa. Hiyo namba imepimwa kwa gari ile ile unayoishika mlango, na rimu zake na sunroof yake na kila kitu ilichotoka nacho kiwandani. Brosha haijui gari yako, stika inaijua. Piga picha ya stika ya kila gari unayokwenda kuiona, hata kabla hujaomba ufunguo.

Tuipige hesabu yako. Wewe tuseme paundi 190, mke 160, watoto watatu kwa pamoja 205, kiti cha mtoto mdogo 15. Tayari 570. Ndoano yenyewe ya kushikia trela 30, mikanda, jeki, kreti ya maji na takataka zingine za nyuma 150. Tumefika 750 na trela bado hatujaifunga. Trela ya chuma ya futi 18 ya kubebea gari moja inakwenda kama paundi 2,200 ikiwa tupu, Highlander kama 4,400, jumla 6,600. Sasa trela ya namna hii inatakiwa ilaze asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake juu ya ndoano, tukichukua 12 tu tunapata karibu 800, na hizo 800 zinahesabiwa kwenye stika ya mlangoni sawa sawa kama vile umepakia saruji nyuma. Jumla 1,550. Ambayo ni kama kilo 703, kwa mliozoea kilo.

Rudi sasa kwa ile Ram anayoipenda shemeji. Hizo za juu kabisa, za Limited na ndugu zake, zenye 4x4 na air suspension na kioo cha paa nzima, stika zao zinaanguka mpaka 1,100 au 1,200. Umeona? Ukiwa na familia umepita kwa paundi zaidi ya 300, na ukiwa peke yako na Highlander nyuma unakuwa umegusa ukingo. Na gari itavuta, hilo ndilo linalodanganya watu, itavuta vizuri kabisa maana injini ina nguvu nyingi, hutasikia kitu mpaka siku unapofunga breki ghafla kwenye I-10 mvua inanyesha.

Kwa nini gari ya bei ghali ibebe kidogo kuliko ya bei rahisi? Watu wengi hawaamini hili. Kila gari ina kikomo cha uzito wote, yenyewe na kilichomo, ile GVWR iliyoandikwa kwenye stika nyingine pale pale mlangoni. Kikomo hicho kinatokana na ekseli, springi, breki, rimu na matairi, na kwenye modeli moja hakitofautiani sana kati ya ile ya kazi na ile ya bosi. Sasa kila unachoongeza, mota za viti, kioo cha paa, rimu za inchi 22, ngazi za umeme zinazojishusha, betri ya haibridi, kinakula ndani ya kikomo hicho hicho. Kinachobaki ndio chako. Kwa hiyo kadiri unavyopanda ngazi ya anasa ndivyo unavyolipia zaidi ili ubebe kidogo, na muuzaji hatakwambia hivo kwa sababu hata yeye wengi wao hawajui.

Mwambie shemeji sikatai raha. Ram kwa kweli ndio inayokaa vizuri barabarani kuliko zote nne, tangu 2009 wameweka springi za koili nyuma badala ya zile za majani, na ndani wanaijua kazi. Kama mngekuwa hamna trela ningemuunga mkono yeye. Hata na trela, Ram ya kati kama Big Horn isiyo na madoido mengi inaweza kuwa na 1,600 na kitu, mkae mkubaliane.

Kuhusu ule uzito wa kwenye ndoano, watu wakisikia unakula nafasi wanaona dawa ni kuupunguza, wanarudisha gari nyuma kwenye trela ili ndoano iwe nyepesi. Usifanye hivo hata siku moja. Umewahi kuona mkokoteni umepakiwa vibaya, mzigo wote nyuma, vishikio vinamnyanyua mvutaji miguu inaning'inia? Ndio kinachotokea kwa mgongo wa pikapu, na kwa kasi ya maili 65 trela nyepesi mbele inaanza kupiga mkia, kushoto kulia, kila mpigo mkubwa kuliko uliopita, na ukishtuka ukakanyaga breki ya gari ndio umemaliza. Camry, RAV4 na Highlander zote uzito mkubwa uko kwenye injini, mbele, kwa hiyo unaipandisha trela ikitazama mbele na unaisogeza mpaka injini ipite mbele kidogo ya ekseli za trela. Ikianza kuyumba hata hivyo, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe imara, na ukandamize kile kiswichi cha breki za trela peke yake kwa mkono.

Na hicho kiswichi hakikisha kipo. Texas trela yenye uzito wa zaidi ya paundi 4,500 inatakiwa iwe na breki zake, na breki za umeme za trela haziwezi kufanya kazi bila kidhibiti ndani ya kabini. Pikapu nyingi za miaka hii zinacho cha kiwandani, chini ya usukani au pembeni yake, lakini zipo nyingi tu hazina, zina ndoano na plagi ya waya nne peke yake, mtu anaona ndoano anadhani gari ni ya kuvuta. Unataka plagi ya duara ya pini 7.

Ukitaka kujua ukweli wote, ukishanunua nenda siku moja na trela imepakiwa kwenye mizani ya CAT kwenye kituo chochote cha malori, ile njano na nyeusi. Unalipa dola chache, unapewa karatasi yenye uzito wa ekseli ya mbele, ya nyuma na trela, kisha unafungua trela unapima tena gari peke yake. Tofauti ya uzito wa gari ndio uzito wa ndoano. Watu wanabishana usiku kucha kwa maneno kitu ambacho mizani inakimaliza kwa dakika kumi.

Haya, injini. Hapa marafiki zako wawili wote wamebeba nusu ya ukweli.

Turbo ni feni mbili kwenye fimbo moja. Moshi unaotoka unazungusha moja, ile ya pili inasukuma hewa nyingi ndani ya injini, hewa nyingi inaita mafuta mengi, nguvu inakuja. Faida yake kwa mvutaji ni kwamba nguvu inakuja chini, mapema. EcoBoost ya 3.5, ile V6 ya Ford yenye turbo mbili, inatoa futi-paundi 500 za nguvu ya kuzungusha kwenye mizunguko 3,100 hivi kwa dakika, wakati V8 ya 5.3 ya Silverado inatoa 383 na lazima ifike 4,100 ndio uzipate. Ndio maana ukipanda kilima na V8 gari inashusha gia inalia, na mtu anayetoka kwenye turbo anadhani imeharibika, kumbe ndivyo ilivyo. Houston kwenu tambarare kama meza, hilo halikuumizi sana, ungekuwa Colorado ningekusukuma kwenye turbo moja kwa moja kwa sababu hewa ya kule juu ni nyembamba na V8 isiyo na turbo inapungukiwa.

Hasara yake ni joto na oili. Turbo inaishi kwa oili safi, ukiiachia oili maili elfu 10 kwa sababu skrini imesema bado, halafu kila wikendi unavuta kwenye joto la Agosti, usiilaumu turbo. Maili 5,000 badilisha, basi. Na ile ndoto ya kula mafuta kidogo isahau ukifunga trela, zote nne zitakunywa, galoni moja maili 9, 10, ukiwa na bahati 11, turbo au V8.

Kila moja ina ugonjwa wake, nakutajia unaojulikana ili uende ukiutafuta. EcoBoost ya 3.5 ya 2017 mpaka 2020 ina vifaa vya kugeuza timing ya kamshafti ambavyo vinalia asubuhi, gari ikiwa imelala baridi unawasha unasikia kama mnyororo unatikiswa ndani ya debe sekunde chache halafu kimya. Kwa hiyo omba kuiona gari ikiwa haijawashwa, na ukifika ukakuta boneti ina joto jua mtu amekuwashia makusudi, rudi kesho. Coyote, V8 ya 5.0 ya Ford, ni injini rahisi ukiilinganisha na wenzake, baadhi ya za 2018 mpaka 2020 zilikuwa zinakula oili, chomoa kijiti uangalie.

GM ya 5.3 inazima baadhi ya silinda ukienda taratibu ili kuokoa mafuta, na vile vifaa vinavyozizima, lifta, ndivyo vinavyokwama. Utasikia tiki tiki, injini inatetemeka, taa inawaka. Wengine zinakwenda maili laki mbili bila kitu, wengine elfu 60 tayari. Ya 6.2 ndio kubwa zaidi, Aprili 2025 GM waliita yarudi kutengenezwa karibu magari laki 6 hapa Marekani ya 2021 mpaka 2024 yenye injini hiyo, kwa sababu kranki na beringi zilitoka na kasoro injini inaweza kujifunga njiani, zinazofaulu kipimo zinawekewa oili nzito zaidi, 0W-40 badala ya 0W-20. Ukiona 6.2 ya bei ya ajabu jiulize kwa nini. Ila dizeli yao ya 3.0, Duramax ya silinda sita zilizopangwa mstari, futi-paundi 495, mimi naipenda sana kwa kuvuta, kama tu unakubali kununua maji ya DEF, yale ya kusafisha moshi wa dizeli, na fundi wake ni ghali.

Hemi ya 5.7 ya Ram. Hii ina mlio wake maarufu na watu wote wanauita jina moja lakini ni magonjwa mawili. Boliti za ekzosti zinakatika, unasikia tiki tiki asubuhi halafu injini ikipata moto chuma kinatanuka tundu linajifunga mlio unapotea, hiyo ni kero, pesa kidogo. Lakini mlio ukiendelea injini ikiwa moto kabisa, na unaongezeka ukikanyaga, hapo lifta inakwangua kamshafti, na hiyo ni injini kufunguliwa. Kwa hiyo ukienda kuijaribu usiizungushe mtaa mmoja ukarudi. Iendeshe nusu saa, simama, fungua boneti, isikilize. Ram waliiondoa Hemi mwaka 2025 wakaweka Hurricane ya silinda sita yenye turbo mbili, wateja wakapiga kelele, wakairudisha kwenye modeli za 2026. Hapo utaona wenye hizi gari wanataka nini hasa, Hurricane ina nguvu kuliko Hemi kwenye kila karatasi, lakini wao wanataka mngurumo.

Sasa Toyota. Najua hili litaniletea maneno. Ile Tundra ya zamani, V8 ya 5.7 iliyotengenezwa 2007 mpaka 2021, ni gari ya kufumba macho kweli, inakunywa kama ngamia, ndani pamezeeka, lakini injini haina mchezo. Rafiki yako anaikumbuka hiyo. Tundra kuanzia 2022 ni gari nyingine kabisa, V6 ya turbo mbili, na mwezi Mei 2024 Toyota waliita magari kama laki moja, Tundra za 2022 na 2023 pamoja na Lexus LX, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yalibaki ndani ya injini yakawa yanakula beringi, wakaishia kubadilisha injini nzima nzima, na baadaye wakaongeza magari mengine kwenye orodha. Wanalipa wenyewe, hilo nawapa. Na utaona kichekesho hapo, anayekwambia chukua Tundra na anayekwambia kimbia turbo, wa kwanza anakupa turbo bila kujua. Jina la Toyota nalo siku hizi unalikagua kwa namba ya chasisi kama mengine. CrewMax ya zamani, yaani Tundra ile yenye kabini kubwa ya milango minne, nayo stika zake ni za chini, nyingi ziko 1,300 mpaka 1,500, kwa hiyo kwa hesabu yako ya familia na Highlander haitoshi ingawa haifi.

Hapo najua unawaza, si ningechukua Hilux tu kama nyumbani nikapumzika? Hapa haiuzwi. Toyota waliacha kuileta mwaka 1995 wakaweka Tacoma badala yake, na nyuma yake kuna kodi ya asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje ambayo Marekani waliiweka tangu 1964 wakigombana na Ulaya juu ya kuku, ndio, kuku, na mpaka leo ipo. Ndio maana pikapu za huku zinajengwa huku, hiyo Tundra yenyewe inatoka San Antonio, si mbali na wewe, na soko lote likakua kwa kipimo cha mteja wa huku. Mteja huyo anataka gari ya familia yenye boneti ya lori. F-Series ndio pikapu inayoongoza kwa mauzo hapa tangu 1977, na nyingi unazoziona barabarani nyuma ni tupu, sanduku halina mkwaruzo. Sina ugomvi nao, lakini wewe una kazi, kwa hiyo usinunue kwa macho yao.

Ingekuwa pesa yangu na kazi yako, ningetafuta F-150 ya XLT, ile ya daraja la kati, SuperCrew, yaani kabini kubwa ya milango minne, ya 2021 mpaka 2023, yenye 5.0 au 3.5, kifurushi cha kuvutia cha kiwandani, kidhibiti cha breki ndani, na stika ya mlangoni isiyopungua 1,700. Bodi yake ni ya aluminiamu tangu 2015 na hiyo inawasaidia kwenye uzito, XLT nyingi zinaanguka kati ya 1,600 na 1,900. Kama una chaguo acha 4x4, Houston hakuna theluji na unarudishiwa uwezo wa kubeba, isipokuwa hiyo yadi ya mnada iwe matope matupu. Sanduku la futi 5 na nusu linatosha kwa sababu mzigo wako uko kwenye trela. Chaguo la pili Silverado LT ya Duramax. La tatu Ram ya kati kama shemeji hajakubali, na hapo stika ndio iamue, msiende kwa rangi. Na kama una mpango wa baadaye kuvuta trela ya gari mbili, usinunue yoyote kati ya hizi, subiri ukanunue daraja la juu yake, 2500 au F-250.

Kabla ya kutoa pesa ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama wa barabarani, ni bure, inakwambia kama gari imeitwa na haijatengenezwa. Kisha mlipe fundi asiye wa yule muuzaji ainyanyue aiangalie chini, hasa kama gari imetoka majimbo ya kaskazini ambako wanamwaga chumvi barabarani, chasisi inaoza kutoka ndani wakati bodi inang'aa. Muonyeshe na ndoano, iliyovutishwa sana ina alama za kusagika kwenye tundu la pini, na oili ya giaboksi aichunguze kwa rangi na harufu. Hili mimi siwezi kulifanya kwa maandishi, hata ukinitumia video.

La kurudi nayo Mombasa, hapana. Kenya haiandikishi gari ya usukani wa kushoto isipokuwa kwa ruhusa maalum, na gari lisizidi miaka 8, kwa hiyo ukikaa nayo vile unavyopanga itakuwa imeshapita hata kabla ya hilo la usukani. Na hata wangekuruhusu, F-150 SuperCrew ina urefu wa karibu mita 5.9 na upana wa zaidi ya mita 2 bila kuhesabu vioo, Hilux ni kama 5.3 kwa 1.85, sasa jaribu kuipitisha Kibokoni. Iuze hapa hapa, bei yake hapa haianguki sana, ukifika kule chukua D-Max inayounganishwa Nairobi na spea zake ziko kila kona.

Kuna moja hukuniuliza. Unabeba gari za wateja kwa malipo. Gari yenye kikomo cha 7,000 ukijumlisha na trela yenye kikomo cha 7,000 ni 14,000, na ukifika 10,001 kwa biashara inayovuka mipaka ya jimbo unaingia kwenye sheria za shirikisho, namba ya USDOT, yaani ya wizara ya uchukuzi, na mengine, na mzigo wa kwenda meli ya nje unaweza kuhesabiwa huko hata kama wewe hujatoka Texas. Bima yako ya kawaida pia mara nyingi haitagusa Highlander ya mteja ikianguka kutoka kwenye trela. Mpigie wakala wa bima umwambie kazi yenyewe ilivyo, usimfiche, na umuone mhasibu kuhusu kodi kwa sababu gari ya biashara ya zaidi ya paundi 6,000 za GVWR ina makato yake na kwenye makato hayo urefu wa sanduku la nyuma unahesabiwa, futi 6 na kwenda juu ni tofauti na futi 5 na nusu. Akikuonyesha kwamba tofauti ni kubwa, basi lile sanduku fupi nililokwambia linatosha lifikirie upya, F-150 hiyo hiyo ipo na la futi 6 na nusu, ila pima gereji yako kwanza.